Taya la chini lililorudi nyuma: matibabu yasiyo ya upasuaji

Taya la chini lililorudi nyuma ni kasoro ambayo kidevu huonekana kimeingia ndani, na meno ya mbele ya juu hutangulia mno yale ya chini au kuyafunika kabisa. Edward Angle, daktari wa meno wa Marekani, aliiweka katika daraja la pili la mpangilio wake wa mwaka 1899, ambao madaktari wanautumia hadi leo. Si kila aliyetokeza meno ana taya fupi. Wengine taya lao ni zuri ila meno yamelala mbele, hasa kwa mtoto aliyenyonya kidole hadi meno ya ukubwani yakaota. Matibabu ya hali hizi mbili hayafanani.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Mtoto huuma magego kama kawaida, kisha rula hupima meno ya mbele ya juu yameyapita ya chini kwa kiasi gani. Milimita 2 hadi 3 ni kawaida. Zikizidi 6, meno ya juu yamo hatarini kuvunjika mtoto akianguka. Halafu huambiwa asogeze taya mbele mpaka meno ya mbele yakutane, huku akitazamwa ubavuni. Uso wake ukipendeza zaidi hapo, yaelekea taya ndilo fupi, na kifaa cha kulivuta kinaweza kumfaa. Eksirei ya kichwa ya upande hukamilisha uchunguzi.

Kifaa maarufu zaidi kilibuniwa na William Clark wa Scotland mwaka 1977. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja juu na kingine chini, vyenye miteremko inayopishana hivi kwamba mtoto hawezi kuuma bila kupeleka taya mbele. Huvaliwa mchana na usiku kwa miezi 9 hadi 12 hivi. Siku za mwanzo mate humchuruzika, maneno hayatamkiki sawasawa na ugali humpa taabu. Hapo ndipo wengi hukivua wakakitupa kabatini, na mzazi anapaswa kusimama na mwanawe. Kifaa huoshwa kwa maji baridi, maana ya moto hukipinda. Kwa asiyeweza kuvumilia kuvaa na kuvua kuna kifaa cha chuma cha Emil Herbst wa Ujerumani, cha mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho hugandishwa kwenye meno.

Wazazi waelezwe wazi: sehemu kubwa ya mabadiliko ni meno kusogea, na taya lenyewe hupata nyongeza ya milimita chache tu. Majaribio ya Uingereza na Marekani yameonyesha pia kwamba kuanza mapema, miaka 8 au 9, hakuzai taya bora kuliko kuanza 11 au 12, ingawa hupunguza ajali za meno. Muda mwafaka ni ule ambao mtoto anarefuka kwa kasi, na wasichana huwatangulia wavulana kama miaka miwili.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, ulikuta karibu thuluthi mbili wana kasoro fulani ya mpangilio wa meno, lakini kasoro ya taya kurudi nyuma ilikuwa sehemu ndogo tu. Kwa familia ya mbali, kama ile ya kata ya Kingerikiti, wilayani Nyasa, kikwazo ni umbali. Mbinga au Songea hupatikana matibabu ya kawaida ya meno, lakini mabingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Kifaa huhitaji kukaguliwa kila wiki 6 hadi 10, kwa hiyo nauli na mahali pa kulala huhesabiwa kabla ya kuanza. Afadhali kungoja mwaka mmoja kuliko kuanza na kukatisha.

Mtu mzima taya lake halikui tena. Bila upasuaji wa taya, anachoweza kufanyiwa ni kung'olewa gego dogo moja kila upande wa juu, kisha meno ya mbele yarudishwe kwa waya kwa miezi 18 hadi 24. Midomo hufunga vizuri, kidevu hubaki kilipo. Mazoezi ya kubana ulimi kwenye kaakaa yanayoenezwa kwenye simu hayajathibitishwa kusogeza taya. Baada ya waya, kifaa cha kushikilia meno huvaliwa usiku kwa miaka mingi, la sivyo meno hurudi yalikotoka.