Mazungumzo Kazini na Uzalishaji wa Maarifa: Funzo la Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, 1950–1955

Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi (1995) walieleza kwamba kampuni huzalisha maarifa mapya pale ujuzi wa uzoefu, ambao mwenye nao huutenda bila kuutamka, unapotiwa katika maneno kwa mazungumzo ya wafanyao kazi pamoja. Makala hii inaitumia hoja hiyo kuuchunguza mpango wa kikoloni uliotekelezwa katika milima ya Uluguru, Morogoro, na inadai kwamba haukupungukiwa utaalamu bali mazungumzo.

Lengo la mpango lilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulinda vyanzo vya mto Ruvu. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Amri zilishuka kutoka kwa maafisa wa kilimo hadi kwa watawala wa kienyeji na mabwana shamba. Maarifa ya mkulima hayakuwa na njia kama hiyo ya kupandia.

Maarifa hayo yalikuwa na uzito. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Uchimbaji wa ngazi uliufukia na kuleta juu udongo hafifu, mahindi yakadhoofika. Waluguru walikuwa na ngazi zao nyepesi, ambamo magugu yalifukiwa yaoze na kurutubisha shamba. Hata hivyo, pingamizi lao lilichukuliwa kuwa ukaidi. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na ulazimishaji ukaachwa.

Mavuno hafifu hayakuwa sababu pekee: palikuwa na uzito wa kazi yenyewe, hofu juu ya ardhi ya ukoo, na siasa za TANU, iliyoundwa mwaka 1954. Lakini huko Mgeta, ambako mboga zililimwa kwa ajili ya soko, ngazi zilikubalika zaidi. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba Waluguru hawakupinga kila ngazi; walipima faida yake.

Kwa hiyo, kila upande ulikuwa na nusu ya maarifa: mtaalamu aliujua mto, mkulima aliujua udongo. Mbinu iliyofaa vyote viwili ingeweza kuzaliwa katika mazungumzo yao tu. Kampuni inayofasiri swali la mfanyakazi kuwa utovu wa nidhamu hurudia kosa hilohilo.