Duka la Wakorea kwenye barabara ya Olympic: vita, likelemba na chungu cha kimchi mjini Los Angeles

Mwaka wa 1971, Mkorea mmoja aitwaye Hi Duk Lee alifungua duka la vyakula kwenye barabara ya Olympic, mjini Los Angeles, Marekani. Akaliita Olympic Market. Mtaa ule wakati huo ulikuwa umechoka: wenye pesa walikuwa wamehama, nyumba nyingi zilibaki wazi, kodi ilikuwa chini. Wakaaji wa sehemu hiyo hawakujua kwamba duka lile lingehesabiwa baadaye kuwa mwanzo wa Koreatown, mtaa wa Wakorea wanaojulikana dunia nzima.

Kabla ya kuuza mchele kule Marekani, Lee alikuwa amechimba makaa ya mawe Ujerumani Magharibi. Tangu mwaka wa 1963 serikali ya Korea Kusini ilikuwa ikituma vijana wake huko, maelfu kwa maelfu, wanaume migodini na wanawake katika hospitali kama wauguzi. Nchi ilikuwa maskini na ilihitaji pesa za kigeni. Kati ya wale vijana walioshuka shimoni walikuwamo watu waliosoma hadi chuo kikuu.

Ili kuelewa umaskini ule, lazima kurudi kwenye vita. Tarehe 25 Juni 1950 jeshi la Korea Kaskazini lilivuka mpaka. Kwa muda wa miaka mitatu, hadi mapigano yaliposimamishwa tarehe 27 Julai 1953, mamilioni ya watu walihama makwao. Mwezi wa Desemba 1950, kwenye bandari ya Heungnam, raia karibu elfu 100 walipakiwa katika meli pamoja na wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma. Meli moja tu, Meredith Victory, ilibeba watu wapatao elfu 14, ingawa haikujengwa kubeba abiria. Wengi walidhani wanaondoka kwa wiki chache. Mpaka ukafungwa, na wengi wao hawakuwaona tena waliobaki nyuma.

Mji wa Busan, kusini kabisa, ulifurika wakimbizi. Walijenga vibanda vya mbao na makartoni juu ya vilima, na asubuhi walishuka kutafuta riziki katika soko la Gukje. Waliuza chochote: nguo kuukuu, makopo ya jeshi la Marekani, supu ya moto. Watu wa kaskazini walikuwa wamezoea tambi baridi za buckwheat, nafaka ambayo Busan haikupatikana kwa urahisi. Unga wa ngano wa msaada ulikuwapo. Wakatengeneza tambi zao kwa unga ule, na chakula hicho, milmyeon, leo ndicho fahari ya Busan. Aliyepata kupika sombe bila mawese kambini anajua kilichokuwa kikitendeka pale jikoni.

Mlango wa Marekani ulifunguliwa mwezi wa Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria mpya ya uhamiaji. Kabla ya hapo watu wa Asia waliruhusiwa wachache mno. Sheria mpya iliwapa nafasi wenye ujuzi, na hasa ikamruhusu mtu aliyekwisha kufika kuwaita ndugu zake. Mwaka wa 1970 Wakorea waliokuwa Marekani walikuwa karibu elfu 70. Miaka kumi baadaye walizidi elfu 350, na kufika 1990 walikaribia elfu 800.

Lakini diploma haikuvuka bahari pamoja na mwenyewe. Mwalimu, mhasibu, mfamasia, wote walijikuta wakifagia ofisi za watu kwa sababu ya Kiingereza. Duka likawa njia ya kutoka. Na pesa ya kuanzia ilitoka wapi? Benki hazikuwajua. Walikuwa na kye, ambayo Mkongomani yeyote angeitambua mara moja: ni likelemba. Watu kumi au ishirini wanatoa kila mwezi, mmoja anabeba yote, kwa zamu. Hakuna karatasi ya korti. Kuna kanisa moja, shule moja ya zamani au kijiji kimoja. Mara nyingine mtu alibeba zamu yake na kutoweka, na machozi yalikuwa yale yale tunayoyajua huku.

Duka lilifanya kazi kwa sababu hakuna aliyelipwa. Baba alikwenda sokoni kabla ya mapambazuko. Mama alikaa kwenye sanduku la pesa hadi usiku. Watoto walifanya kazi za shule juu ya magunia ya mchele, wakiinuka kumtafsiria baba maneno ya mteja au ya mtu wa kodi.

Na nyuma, mwisho wa rafu, mara nyingi kulikuwa na meza tatu nne na jiko. Malewa ndani ya duka. Mtu anaweza kufikiri ni mapambo tu. Kwa kweli lilikuwa jambo la hesabu. Faida ya kuuza mchele na mboga ni ndogo, na mboga huoza. Kabichi iliyoanza kulegea haitupwi: inatiwa chumvi, pilipili, vitunguu saumu na uduvi wa chumvi, inawekwa ndani ya chungu ichache, inakuwa kimchi. Figili na mchicha vinageuka visahani vidogo, banchan, vinavyoletwa mezani bila malipo. Mteja mwenyewe mara nyingi alikuwa mwanaume aliyemwacha mke Seoul, au mwanafunzi asiyejua kupika. Anakula supu ya soya iliyochachushwa, anamuuliza bibi jikoni ameitengenezaje, kisha anaondoka na kopo la soya ile ile kutoka rafuni. Ukutani palibandikwa matangazo: chumba cha kupanga, kazi, mkutano wa kanisa.

Lee alifika mbali zaidi. Mwaka wa 1975 alifungua mkahawa mkubwa, VIP Palace, wenye paa la vigae la mtindo wa Kikorea, kwenye barabara ile ile. Mwaka wa 1980 mji ulikubali rasmi jina la Koreatown.

Wakorea wengine waliweka maduka kusini mwa mji, katika mitaa ya Wamarekani weusi, ambako maduka makubwa yalikuwa yamekimbia baada ya ghasia za Watts za 1965. Hapo mambo yalikuwa magumu. Wakaaji waliona wageni wanachukua pesa za mtaa bila kuwapa vijana wake kazi. Wenye maduka walikuwa wakiibiwa, wengine wakiuawa. Tarehe 16 Machi 1991, mwenye duka mmoja alimpiga risasi Latasha Harlins, msichana mweusi wa miaka 15, baada ya ugomvi juu ya chupa ya maji ya machungwa ya dola 1.79. Alipatikana na hatia, lakini hakufungwa gerezani hata siku moja kwa adhabu hiyo. Mtaa haukusahau, na ulikuwa na haki ya kutosahau.

Tarehe 29 Aprili 1992 korti iliwaachilia polisi waliompiga Rodney King, na mji ukawaka moto. Watu zaidi ya 60 walikufa. Maduka zaidi ya 2.000 ya Wakorea yaliporwa au kuchomwa, hasara ya dola karibu milioni 400. Wakorea huziita siku hizo Saigu, yaani nne-mbili-tisa. Polisi hawakuja. Radio Korea ilisimamisha vipindi vyake na kupokea simu: duka fulani limezingirwa, nani yuko karibu? Wanaume walipanda juu ya mapaa na bunduki. Kijana wa Kikorea wa miaka 18, aliyetoka kusaidia kulinda maduka, aliuawa kwa risasi za Wakorea wenzake waliomdhani ni mporaji.

Wengi waligundua baadaye kwamba bima yao haikuwa na thamani. Waliouza pombe wakawekewa masharti mazito ya kufungua upya. Kuna wazee waliokimbia Heungnam wakiwa watoto, wakapoteza kila kitu mara ya pili wakiwa na miaka hamsini.

Watoto wao wengi hawakurithi duka. Wazazi wenyewe hawakutaka. Waliteseka ili mtoto awe daktari au wakili. Biashara ikahamia kwenye maduka makubwa kama H Mart, ambayo nayo ilianza 1982 kama duka dogo mtaani Woodside, New York, na leo matawi yake mengi yana sehemu ya kula ndani yake. Koreatown yenyewe sasa wakaaji wake wengi ni watu wa Meksiko na Amerika ya Kati. Jengo la VIP Palace bado lipo, na paa lake la Kikorea. Ndani yake kuna Guelaguetza, mkahawa wa jamaa moja kutoka Oaxaca, Meksiko, wanaopika mole ya kwao.