Maji ya Mjini na Maji ya Mangapwani

Kisiwa cha Unguja hakikujaliwa mito mikubwa. Mvua za masika na vuli huangukia vilima vya kati na vya magharibi. Penye udongo mzito hutiririka zikawa vijito, na penye mawe ya matumbawe huzama ardhini. Mtoni, kaskazini ya mji, kijito kiliingia baharini karibu na jumba la Sayyid Said, na merikebu za kigeni ziliteka maji hapo. Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, maji matamu hayaonekani mpaka mtu ashuke pangoni. Mapokeo yasimulia kwamba pango hilo liligunduliwa na mtumwa mdogo aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyepotea.

Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu kisiwani. Sayyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870 hata alipofariki mwaka 1888, aliazimia kuwapatia watu wa mjini maji safi. Maji ya chemchemi ya Chemchem, karibu na Bububu, yaliachishwa mwendo wake wa asili mabondeni, yakatiwa mferejini na kunyoshwa hata mjini. Hiyo ilikuwa neema kubwa, na hadi leo sifa zake zingali zikitajwa.

Lakini utawala huohuo ulikuwa na jambo jingine la kunyosha. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi mkataba na Uingereza: usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari ulikatazwa, na soko lao mjini likafungwa. Tangu mwaka 1874 manowari iitwayo London ilitia nanga bandarini, na mashua zake zikapekua majahazi. Hata hivyo biashara ile haikukauka. Kama mvua ya maweni, ilizama tu. Mangapwani, ng'ambo kidogo ya pango la maji, kuna chumba kilichochongwa chini katika mwamba na kufunikwa juu kwa mawe, ambacho hunasibishwa na Muhammad bin Nassor al-Alawi. Humo, yasemekana, watu walifichwa wakingojea majahazi ya usiku. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Unguja hata mwaka 1897, miaka 24 baada ya mkataba.

Basi anayeisoma historia ya zama zile kwa kuufuata mfereji pekee atafika mjini salama, asijue lililopita chini ya miguu yake. Mkataba waweza kufunga soko kwa siku moja. Kuikausha tamaa iliyolijenga soko hilo ni kazi ya miaka mingi. Mfereji wa Chemchem na chumba cha Mangapwani ni vya zama moja na kisiwa kimoja, na haifai kukieleza kimoja na kukinyamazia cha pili.