Gramafoni ya kabati: soma hapa kabla hujaipeleka kwa fundi

Baada ya kipindi chetu cha nyimbo za zamani, msikilizaji mmoja alitupigia simu. Babu yake aliacha gramafoni ya kabati, ile inayosimama sakafuni kama kabati la vyombo, na seremala wa kijijini kwao amejitolea kuipiga msasa na kuipaka vanishi mpya ili ing'ae. Akauliza, akubali? Tulimwomba asubiri kwanza. Makala haya ndiyo jibu lake refu, kwa sababu mashine ya aina hii inaweza kuvumilia miaka mia moja ya vumbi na joto, halafu ikaharibika ndani ya wiki moja ya kutengenezwa.

Tuanze na mashine yenyewe. Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kunasa sauti na kuirudisha mwaka 1877, ikitumia silinda. Santuri bapa tunayoijua ilitokana na kazi ya Emile Berliner, miaka kumi baadaye. Kwa muda mrefu gramafoni ilikaa mezani na pembe kubwa juu yake. Pembe ilikusanya vumbi na kuchukua nafasi, na wenye nyumba nzuri hawakuipenda sebuleni. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Camden, New Jersey, ilitoa mashine iliyoitwa Victrola. Pembe yake ilikunjwa na kufichwa ndani ya kabati la mbao, na bei ikawa dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kampuni nyingine zikafuata mtindo huo.

Ile milango midogo ya mbele si pambo. Nyuma yake ndiko mdomo wa pembe uliko, kwa hiyo ukiifungua sauti inatoka kwa nguvu, na ukiifunga inapungua. Hakuna umeme popote. Unazungusha mpini, springi inajikaza, inapofunguka inazungusha santuri. Sindano inatikiswa na mifereji ya santuri, mtikisiko unafika kwenye utando mwembamba ndani ya kisanduku cha sauti, na kutoka hapo sauti inapita kwenye mkono wa chuma hadi kwenye pembe.

Sasa, kwa nini tulimwambia asubiri? Mbao za makabati ya mwanzo, mara nyingi mahogani au mwaloni, zilipakwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wadogo wa India. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Mtu akifuta kabati kwa spiriti, au akilipiga msasa, anaondoa rangi ya asili pamoja na nembo iliyobandikwa ndani ya kifuniko, na nembo hiyo ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo mnunuzi anayejua huviangalia. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Penye uchafu mgumu tumia kitambaa chenye unyevu kidogo sana, kisha kausha papo hapo, maana maji yakikaa huacha madoa meupe. Kama kuna mchwa au matundu ya wadudu, hiyo ni kazi ya seremala, lakini mwambie atibu mahali palipoliwa tu.

Springi ndiyo inayotutia hofu zaidi. Ni utepe wa chuma wenye urefu wa mita kadhaa, umekunjwa ndani ya kopo la chuma. Ukifungua kopo hilo springi ikiwa bado imekazwa, itaruka kama nyoka na inaweza kukukata vibaya mikono au kukujeruhi macho. Kabla ya kugusa mota, iache mashine izunguke mpaka isimame kabisa. Hata hapo springi iliyolegea bado ina nguvu, kwa hiyo mwachie fundi aliyewahi kufungua mota za aina hiyo, naye avae glavu nene na miwani. Ukisikia mashine ikigonga "du!" mara kwa mara inapozunguka, usidhani imekufa. Mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda, springi inanata halafu inaachia ghafla. Fundi ataiosha kwa mafuta ya taa, ataikausha, kisha atapaka grisi mpya.

Kama santuri inakwenda mbio kupita kiasi, tazama kidhibiti mwendo. Kina vipande vitatu vya uzito vinavyotanuka kinapozunguka, na kipande kidogo cha ngozi kinachofanya kazi ya breki. Ngozi ikikauka mwendo unayumba. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani mara nyingi linatosha.

Sauti ya kukwaruza hutoka kwenye kisanduku cha sauti. Ndani yake kuna utando wa ulanga, au wa alumini katika mashine za baadaye, ulioshikiliwa na mipira midogo ambayo kwa miaka mingi imekuwa migumu kama kuni. Badilisha mipira, acha utando. Baadhi ya visanduku vina sehemu za aloi ya zinki iliyovimba na kupasuka kwa uzee. Hiyo haichomelewi, hutafutwa nyingine.

Sindano ya chuma hutumika kwa upande mmoja wa santuri, kisha hutupwa. Watu wengi hutuambia huo ni ubadhirifu, lakini kuna sababu. Santuri za shelaki zilichanganywa na unga wa mawe ili zisage ncha ya sindano ikae sawa na mfereji. Ukirudia sindano iliyokwisha sagika, makali yake ndiyo yataanza kula santuri. Na usiweke santuri za plastiki za miaka ya karibuni kwenye mashine hii hata mara moja. Uzito wa kisanduku na sindano ya chuma utazichimba. Mashine za diski za Edison, zilizoanza kuuzwa 1912, nazo ni jambo tofauti: sindano yake ni ya almasi na hutikisika juu na chini badala ya kushoto na kulia. Zinahitaji santuri zake zenyewe, ambazo ni nene karibu milimita sita.

Huenda mali kubwa zaidi imo kwenye sehemu ya chini ya kabati. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya HMV, na santuri zile za mizunguko 78 kwa dakika zilipigwa kwenye gramafoni za springi kama hizi. Kwa maoni yetu, santuri ya Kiswahili ya wakati ule ni ya kutunzwa kuliko kabati lililoibeba. Zisimamishe wima, mbali na jua. Zioshe kwa maji baridi yenye matone ya sabuni laini bila kulowesha lebo, na spiriti isiguse kabisa, maana santuri nazo ni shelaki.

Ukitaka kununua badala ya kurithi, jihadhari na gramafoni mpya za pembe ya shaba inayong'aa zinazouzwa kama za kale. Nyingi hutengenezwa India kwa mota za gramafoni za mkoba. Makabati hughushiwa mara chache zaidi, ila tafuta kibao chenye namba ya modeli, na uangalie kama skrubu zimechakaa sawasawa na mbao.

Msikilizaji wetu ametutumia picha ya kibao chake. Seremala amerudisha msasa, ila amepewa kazi ya mguu mmoja ulioliwa na mchwa.