Aibu Iliyofichwa na Haki ya Kutengeneza

Mnamo mwezi wa Disemba mwaka 1924, wawakilishi wa viwanda vikubwa vya taa za umeme, wakiwamo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na Tungsram ya Hungaria, pamoja na washirika wa ng'ambo wa General Electric ya Marekani, walifunga mapatano mjini Geneva, wakaunda shirika walilolipa jina la Phoebus. Waliafikiana kugawana masoko ya dunia, jambo ambalo matajiri wa zama hizo walikwisha kulizoea; lakini waliongeza sharti jingine lililokuwa geni, nalo ni kwamba balbu ya kawaida ya nyumbani, ambayo wakati ule iliweza kuwaka saa 1,500 na hata 2,000 kabla ya kuungua, iteremshwe mpaka ikome kwenye saa 1,000. Wala hawakuliacha sharti hilo katika ahadi za midomo. Kila kiwanda kilitakiwa kupeleka sampuli za balbu zake Uswisi zikapimwe, na kiwanda ambacho balbu zake zilionekana kuishi kupita kiasi kilitozwa faini kwa faranga, kana kwamba kudumu ni kosa. Katika muda usiotimia mwongo mmoja, wastani wa maisha ya balbu ulishuka kutoka saa 1,800 mpaka saa 1,205, na pengine ungalishuka zaidi lau vita vya 1939 visingalivunja ushirika wao.

Insafu yatulazimisha tuutaje utetezi wao. Uzi wa balbu ya namna ile, ukipashwa moto zaidi, hutoa nuru nyeupe na nyingi kwa umeme ule ule, ila hufa mapema. Ukipashwa moto kidogo huishi sana, lakini nuru yake huwa hafifu na umeme mwingi hupotea kwa joto. Kwa hiyo saa 1,000 zaweza kuwa suluhu ya haki baina ya bei ya balbu na bei ya umeme, na tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba wa taa ikatoa ripoti yake mwaka 1951 haikuona kwamba muda huo wenyewe ulikuwa wa dhuluma. Haya yakubalike. Hata hivyo swali linabaki pale pale: ikiwa suluhu hiyo ilikuwa kwa faida ya mnunuzi, kwa nini mnunuzi hakuambiwa, akaachiwa achague mwenyewe baina ya balbu ya nuru kali na balbu ya maisha marefu? Anayekuteulia kwa siri, kisha akamtoza faini mwenzake aliyekuteulia vingine, hakukusudia kukufaa.

Miaka minane baada ya mapatano ya Geneva, wakati Marekani imezama katika mdororo wa uchumi, dalali mmoja wa New York aitwaye Bernard London alichapisha kijitabu akishauri waziwazi kwamba serikali iwekee kila bidhaa muhula wa maisha, na muhula ukiisha bidhaa ihesabiwe kuwa imekufa kisheria, irudishwe na kuharibiwa, ili viwanda vipate kazi. Serikali haikumsikiliza, lakini biashara ilipata njia laini zaidi ya kufika huko huko. Kufikia mwaka 1954 mchoraji wa bidhaa Brooks Stevens alikuwa akihubiri kuwa kazi ya fani yake ni kumtia mnunuzi hamu ya kumiliki kitu kipya kidogo, mapema kidogo kabla ya haja. Na mwaka 1960 Vance Packard akaandika kitabu kizima kuushutumu mwenendo huo, akitenga namna tatu: chombo kilichopitwa kwa kuwa kimezuka chenye kazi bora, na hilo halina ubaya, na chombo kilichoundwa kivunjike, na kile kilicho kizima lakini mwenyewe amefundishwa kukionea haya.

Mimi naishika ile namna ya pili, kwa kuwa ndiyo inayotugusa zaidi katika nyumba zetu, na dai langu ni hili: maisha ya chombo yakifupishwa kwa makusudi, au njia ya kukitengeneza ikizibwa kwa makusudi, na mnunuzi asiambiwe, hiyo ni aibu katika bidhaa kwa maana kamili ya sheria ya biashara, na dawa yake yatakiwa itafutwe sokoni na mahakamani kabla ya kutafutwa jalalani. Wanazuoni wa fiqhi tangu kale walimpa mnunuzi hiari ya aibu: akiigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha mali na kudai thamani yake, na muuzaji anayeijua kasoro akainyamaza amefanya ghashi. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ambayo Kenya na Tanganyika ziliirithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 nayo yataka bidhaa iwe na ubora wa kufaa kuuzwa, na haimwondolei muuzaji dhima ila kwa kasoro ambayo mnunuzi aliyeikagua mali angaliiona. Sasa ni nani, hata awe hodari vipi, awezaye kusimama dukani akaona kwamba ndani ya chombo mna gundi mahali palipostahili parafujo?

Itazame taa ya chemli, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa nuru ya nyumba za pwani na bara. Kioo kikipasuka, dukani kiliuzwa kioo peke yake. Utambi ukiisha, uliuzwa utambi. Kichwa kikilegea, kiliuzwa kichwa. Na tangi likitobolewa na kutu lilipelekwa kwa fundi bati, akalikwangua, akaliziba kwa risasi na ncha ya chuma iliyotiwa moto, likarudi kazini siku ile ile. Hapakuwa na kiungo katika taa ile kilichojificha. Mwenye nyumba, hata asiyejua kusoma, aliona kwa macho yake mafuta yalipandia wapi na hewa iliingilia wapi, na kwa kuona hivyo aliweza kuihukumu kabla ya kuinunua na kuitunza baada ya kuinunua. Aghalabu kioo cha kiwanda kimoja kiliingia katika taa ya kiwanda kingine, na jambo hili dogo ndilo lililomwezesha mwenye duka wa kijijini kuweka vipuri bila kufilisika. Cherehani ya kukanyaga nayo ni hivyo hivyo: zipo zilizoshonea kanzu za babu na sasa zinashonea sare za wajukuu, mkanda umebadilishwa mara zisizohesabika na chuma ni kile kile.

Kisha litwae birika la umeme la bei nafuu, kama lile linalouzwa leo katika kila mtaa. Kinachokufa kwanza aghalabu ni swichi ya kitakoni inayojizima maji yanapochemka, kipande kidogo cha metali mbili zilizoshikana na ncha mbili za kugusanisha umeme, ambacho thamani yake haifiki hata sehemu ndogo ya thamani ya birika. Lakini fundi akitaka kukifikia hukuta skrubu zenye vichwa vya pembe tatu ambavyo bisibisi yake haiviingii. Akizishinda hizo, hukuta kitako kimebanwa kwa meno ya plastiki yaliyoundwa yaingie mara moja na kukatika yanapotolewa. Na akisha kuyakata, mara nyingi swichi ya kuweka badala yake ni taabu kuipata, kwa kuwa si kila swichi huingia katika kila birika. Mafundi husema chombo cha namna hii hakifunguki, huvunjwa. Birika lenye siha ya mwili mzima hutupwa kwa ugonjwa wa kidole.

Hata balbu, iliyoanza kisa hiki, imerudia yale yale katika sura mpya. Balbu za LED zilikuja na sifa ya kuishi maelfu mengi ya saa, na ni kweli kwamba chembe zake za nuru zaweza kuishi hivyo. Lakini ndani ya kitako kilichofungwa kabisa huwekwa saketi ya kugeuza umeme yenye kapasita isiyostahimili joto, na chembe zenyewe huunganishwa kwa mfuatano, hata moja ikifa zote huzimika. Vijana wenye vibanda vya ufundi mitaani wameijua siri hiyo bila kufundishwa na mtu. Huikwanyua ile kofia nyeupe, wakaitafuta chembe yenye nukta nyeusi, wakaikwangua na kuiunganisha pande zake mbili kwa tone la risasi, na taa ikawaka tena. Kazi hiyo ina hatari zake, na haistahili kufanywa na asiyejua; lakini yatuonyesha kwamba kilichoitwa taka hakikuwa taka, na kwamba aliyekihukumu kufa ni yule aliyekifunga.

Wenzetu wa Ulaya wameanza kulitambua jambo hili katika sheria. Ufaransa, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imefanya kufupisha kwa makusudi maisha ya bidhaa kuwa jinai yenye adhabu ya kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000, na kuanzia Januari 2021 iliwalazimisha wauzaji wa simu, televisheni, mashine za kufulia na bidhaa nyingine kuandika mbele ya mnunuzi alama, kutoka sifuri mpaka kumi, zinazoonyesha wepesi wa kuitengeneza bidhaa hiyo. Umoja wa Ulaya nao umeamuru vipuri vya mashine za kufulia vipatikane kwa miaka 10. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa mwaka 2020, kampuni ya Apple ilipolipa euro milioni 25 nchini Ufaransa: kosa lililotajwa halikuwa kule kupunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka, jambo ambalo kampuni ilikuwa na hoja zake za kulitetea, ila kule kutowaambia wenye simu kwamba programu mpya ingefanya hivyo. Hapo sheria ya kisasa na fiqhi ya kale zimekutana mahali pamoja, kwenye kunyamaza kwa muuzaji.

Sheria hizo, pamoja na uzuri wake, zina mipaka ya forodha. Kiwanda kile kile chaweza kuunda mashine inayofunguka kwa soko la Paris na nyingine isiyofunguka kwa soko la Mombasa, na hakuna atakayekihoji. Fauka ya hayo, vilivyochoka huko huletwa huku. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na ule wa Bamako wa mwaka 1991, uliofungwa na Waafrika wenyewe kwa kuona ule wa kwanza hautoshi, ilikusudiwa kuzuia taka za sumu zisivushwe mipaka. Lakini televisheni iliyokufa ikipakiwa pamoja na tano zinazowaka, kontena zima huitwa mitumba. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Sehemu ya iliyobaki huishia katika majalala kama Dandora mjini Nairobi, ambako watu huchambua kwa mikono mitupu, na kokote nyaya zinakochomwa ili shaba ivuliwe plastiki yake, na moshi wake wenye sumu kuingia vifuani mwa watoto ambao hawajapata kumiliki hata kimoja cha vyombo hivyo. Kuwaambia watu hao watunze mazingira, ilhali kalamu iliyouandika wasia wa birika ilikuwa mkononi mwa mwingine, ni kumtwisha mzigo asiyehusika.

Mtu atanikabili kwa hoja yenye uzito: maskini ananunua birika la bei nafuu kwa sababu hana fedha za jingine, na ukilipandisha bei kwa masharti umemrudishia kuni. Siidharau hoja hiyo. Lakini maskini ndiye anayelipia zaidi chombo kisichotengenezeka, kwa kuwa hukinunua mara ya pili na ya tatu kwa fedha alizodunduliza, na wahenga walikwisha kuonya kwamba rahisi ni ghali. Tena kuweka parafujo za kawaida mahali pa gundi, au kuifanya swichi ya kampuni moja iingie katika birika la nyingine, hakuhitaji gharama itakayomnyima mtu chai. Zaidi ya yote, fedha za birika jipya huondoka nchini, ilhali ujira wa fundi hubaki mtaani, ukamlisha yeye na aila yake na mwanafunzi anayemshikia taa. Huko Ulaya ujira huo umekuwa mkubwa hata watu wakaacha kutengeneza. Sisi bado tuna mafundi wengi na ujira wao unahimilika, na hii ni neema ambayo bidhaa zisizofunguka zitaimaliza bila ya mtu yeyote kupiga kura.

Kenya, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imemtwika mzalishaji na mwingizaji wa bidhaa wajibu wa kushughulikia kinachobaki bidhaa ikifa. Ni hatua njema, ila inaanzia kaburini. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yamekwisha kuweka utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na mkaguzi anayelipima birika kama litamrusha mtu kwa umeme hashindwi kuuliza pia kama lafunguka kwa bisibisi ya kawaida na kama swichi yake yapatikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina ushuru wa pamoja wa forodha, ambao mwaka 2022 uliongezewa daraja la asilimia 35. Basi chombo kisichofunguka kitozwe daraja la juu, kinachofunguka kishuke, na vipuri viingie bila ushuru. Pamoja na hayo, kila mwingizaji atakiwe kuweka katika vyuo vya ufundi, kwa Kiswahili, mchoro wa ndani wa kila chombo anachokiuza na orodha ya vipuri vyake, ili kijana anayejifunza leo asilazimike kuvunja vyombo vya watu ndipo ajue vilivyoundwa.