Kama, Au na Lakini: Safari ya Kauli Ambatano kutoka Megara hadi Jedwali la Ukweli

Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza somo la mantiki chuoni hukutana mapema na jedwali dogo lenye mistari minne. Jedwali hilo linamwambia kwamba kauli ya "kama P, basi Q" huwa ya uongo mahali pamoja tu: pale P inapokuwa kweli na Q ikawa uongo. Kwingine kote ni kweli. Hapo darasa huanza kunong'ona. "Kama Kampala iko pwani, basi mbili na mbili ni nne": kweli. "Kama Kampala iko pwani, basi mbili na mbili ni tano": hiyo nayo ni kweli. Tukiuliza kwa nini, mara nyingi tunajibiwa kwamba ndivyo kiunganishi kilivyofasiliwa, tuendelee na mazoezi.

Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba mnong'ono huo una umri wa miaka ipatayo 2,300, na kwamba waliounong'ona kwanza walikuwa wanamantiki wenyewe. Hoja yangu ni hii: aina za kauli ambatano hazikugunduliwa mara moja kama mtu anavyogundua kisiwa. Zilichaguliwa, zikaongezwa na kupunguzwa kulingana na kazi ambayo kila zama zilitaka mantiki iifanye. Mantiki ya kisasa ilipata nguvu kubwa kwa kupunguza, lakini kuna kitu ilichokiacha njiani, na lugha yetu ya Kiswahili inakionyesha wazi.

Kwanza nifafanue istilahi. Kauli sahili ni ile inayosema jambo moja linaloweza kuwa kweli au uongo: "Mvua inanyesha." Kauli ambatano huundwa kwa kauli mbili au zaidi zilizounganishwa: "Mvua inanyesha na barabara ina utelezi." Tusichanganye istilahi hii na ile ya sarufi. Katika sarufi, "Ukisoma utafaulu" ni sentensi changamano, si ambatano. Mwanamantiki haangalii kishazi kipi ni tegemezi. Anauliza tu ukweli wa kauli nzima unategemeaje ukweli wa sehemu zake.

Ugomvi wa Megara

Aristotle (384–322 K.K.), anayeitwa baba wa mantiki, hakuishughulikia sana kauli ambatano. Mfumo wake ulijengwa juu ya kauli sahili za aina ya "kila" na "baadhi": kila binadamu hufa, baadhi ya wanyama huruka. Aliahidi kurudi kwenye hoja zinazotegemea sharti, lakini hatuna andiko lake linalotimiza ahadi hiyo. Pengo hilo lilizibwa na watu wa mapokeo mengine, wanaohusishwa na mji wa Megara.

Diodorus Cronus na mwanafunzi wake Philo walitofautiana juu ya swali moja: kauli yenye "kama" huwa kweli wakati gani? Philo alijibu kwa ufupi: ni kweli isipokuwa inapoanza na ukweli ikaishia kwenye uongo. Hili ndilo jibu la jedwali letu la leo. Mwalimu wake alilikataa. Kwa Diodorus, kauli ya sharti ni kweli pale tu ambapo haikuwezekana wala haiwezekani ianze na ukweli na kuishia kwenye uongo.

Sextus Empiricus, aliyetuhifadhia habari za ugomvi huu, anatoa mfano: "Kama ni mchana, mimi ninazungumza." Tuseme ni mchana na kweli ninazungumza. Kwa Philo kauli hiyo ni kweli. Kwa Diodorus ni uongo, kwa sababu mchana unaweza kuwapo nami nikanyamaza. Ugomvi huu ulivuma kiasi kwamba Callimachus, mshairi wa Alexandria, aliufanyia mzaha akiwataja kunguru wa juu ya mapaa.

Wastoiko na mbwa wa Chrysippus

Waliorithi mjadala huo ni Wastoiko, wale ambao msomaji wa Matendo ya Mitume huwakuta wakijadiliana na Paulo huko Athene. Mwanamantiki wao mkuu, Chrysippus wa karne ya 3 K.K., anasemekana kuandika vitabu zaidi ya 700, na hakuna hata kimoja kilichotufikia kizima. Kwa maelezo ya Diogenes Laertius, Wastoiko walitambua aina kadhaa za kauli ambatano: ya sharti (kama), ya kuunganisha (na), ya kutenganisha (ama), ya sababu (kwa sababu), ya kukubali sharti (kwa kuwa), na ya kulinganisha (zaidi kuliko).

Juu ya "kama", Wastoiko walitaka kitu kizito kuliko alichokitaka Philo. Kauli ya sharti ni kweli pale kinyume cha kifuatishi kinapogongana na kitangulizi. "Kama ni mchana, kuna mwanga" ni kweli, kwa kuwa "hakuna mwanga" hakukai pamoja na "ni mchana". "Kama ni mchana, mimi ninazungumza" si kweli, kwa kuwa kimya changu hakigombani na mchana. Kwao, sharti ni mshikamano wa mambo mawili, si kukutana tu.

Juu ya "ama", kisa maarufu ni cha mbwa. Mbwa wa mawindo anafuata nyayo na kufika kwenye njia panda yenye njia tatu. Ananusa ya kwanza, hakuna harufu. Ananusa ya pili, hakuna. Hapo hainusi ya tatu, anaishika mbio. Chrysippus alisema ni kana kwamba mbwa amefikiri: mnyama amepita ama huku, ama huku, ama kule, hakupita huku wala huku, basi amepita kule. "Ama" ya Wastoiko ni kali: moja tu ya sehemu zake ndiyo kweli.

Ibn Sina na maneno tunayoyajua

Mjadala huu ulipoingia katika lugha ya Kiarabu ulipata sura mpya. Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake Al-Shifa, alizigawa kauli za sharti katika makundi mawili: zilizoungana (muttasila) na zilizotengana (munfasila). Katika kundi la kwanza alitofautisha sharti la lazima na sharti la sadfa. Vitabu vya kufundishia vya baadaye, kama Al-Shamsiyya cha al-Katibi cha karne ya 13, vilizipa aina hizo majina ya luzumiyya na ittifaqiyya. Mfano wa aina ya kwanza ni "Jua likichomoza, mchana huwapo." Mfano wa ya pili, uliorudiwa na vizazi vya walimu, ni "Kama binadamu ana akili ya kusema, basi punda hulia." Sehemu zote mbili ni kweli, ila hakuna kinachozifunga pamoja. Kauli ambayo Philo angeipokea bila swali hapa imewekewa alama: ni sadfa.

Kundi la pili liligawanywa mara tatu. Kuna utengano wa hakika: "Namba hii ama ni shufwa, ama ni witiri", sehemu hizi haziwezi kuwa kweli zote wala kuwa uongo zote. Kuna utengano unaozuia mkusanyiko: "Kitu hiki ama ni mti, ama ni jiwe", hakiwezi kuwa vyote viwili, lakini kinaweza kisiwe chochote kati ya hivyo. Na kuna utengano unaozuia kukosekana kwa zote: "Ama Zaid yumo baharini, ama hazami." Haiwezekani zote ziwe uongo, yaani awe nchi kavu na huku anazama baharini. Lakini zote zinaweza kuwa kweli, kama yumo baharini anaogelea salama.

Ninaposoma mgawanyo huu kama mwanafunzi wa Kiswahili, ninakuta maneno ya nyumbani. Mantiki yenyewe ni neno hilo hilo la Kiarabu. Kauli kwao ni qadiyya, asili ya kadhia yetu. Shartiyya imo katika sharti. Luzumiyya ina mzizi mmoja na lazima. Ittifaqiyya na itifaki. Haqiqiyya na hakika. Sisemi kwamba maneno haya yaliingia Kiswahili kupitia vitabu vya mantiki. Mengi yaliingia kwa njia za dini, sheria na biashara. Ninachosema ni kwamba tunapotafuta istilahi, hatuanzi na mikono mitupu.

Orodha za Ulaya

Ulaya Magharibi ilipokea kauli ambatano kwa mkono wa Boethius, aliyekufa yapata mwaka 524, na wanazuoni wa zama za kati wakaendelea. William wa Ockham, katika karne ya 14, aliongeza kauli ya wakati (pale, wakati) na ya sababu kwenye zile za "na", "au" na "kama". Aliandika pia kwa maneno matupu kanuni ambayo leo tunaiita ya De Morgan: kukanusha kauli ya "na" ni kutoa kauli ya "au" yenye sehemu zilizokanushwa.

Kitabu cha mantiki cha Port-Royal, kilichoandikwa na Arnauld na Nicole na kutolewa Paris mwaka 1662, kinahesabu aina sita: za kuunganisha, kutenganisha, sharti, sababu, uhusiano, na za kutofautisha, yaani zile zenye "lakini" na "ingawa". Karne moja baadaye, mwaka 1781, Kant aliandika jedwali la hukumu ambamo upande wa uhusiano una tatu tu: hukumu sahili, ya sharti na ya kutenganisha. Orodha imeanza kusinyaa.

Frege na jedwali

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mantiki ilipopewa kazi mpya, yaani kuwa chombo cha hisabati. George Boole (1847, 1854) aliigeuza kuwa aljebra. Kwake "au" ilibaki kali kama ya Wastoiko. William Stanley Jevons ndiye aliyeilegeza mwaka 1864, ikaruhusu sehemu zote mbili kuwa kweli. "Au" hiyo ndiyo tunayofundishwa leo, na iko karibu na ya Zaid baharini kuliko ya namba shufwa na witiri.

Mwaka 1879 Gottlob Frege, aliyefundisha Jena, alichapisha Begriffsschrift. Ndani yake sharti linamaanisha jambo moja: kwamba haitokei kitangulizi kuthibitika na kifuatishi kukanushwa. Frege alisema wazi kwamba uhusiano wa sababu haumo katika alama yake. Alisema pia kwamba "lakini" ina maudhui yale yale ya "na", ikiongeza dokezo tu. Kwa kalamu moja, aina ya sita ya Port-Royal ilifutwa, na Philo akashinda. Mwaka 1921 Wittgenstein na Emil Post, kila mmoja kwa njia yake, walitoa majedwali ya ukweli, ambayo yanaonyesha kwamba kauli mbili zinaweza kuunganishwa kwa njia 16 tu. Mwaka 1913 Henry Sheffer alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa kiunganishi kimoja kinatosha kuunda vyote.

Faida ni kubwa. Hoja yoyote ya kauli ambatano inaweza kukaguliwa kwa hatua zinazohesabika, bila kubahatisha, hata kwa mashine. Saketi za kompyuta zimejengwa juu ya "na", "au" na "si" za namna hii. Tena ni mantiki hii mpya iliyowafufua wazee: Jan Łukasiewicz, miaka ya 1930, ndiye aliyeonyesha kwamba Wastoiko, waliodharauliwa na wanahistoria wa karne ya 19, walikuwa na mantiki ya kauli iliyokamilika.

Kilichoachwa

Lakini tazama Kiswahili kinavyosema sharti. "Akija, nitamwambia": jambo liko wazi. "Angekuja, ningemwambia": haji, au hatazamiwi. "Angalikuja, ningalimwambia": wakati umepita na hakuja. Mshale wa Frege hauoni tofauti hizi.

Hasara yake huonekana zaidi katika somo la historia. Chukua Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Mmoja anasema: "Kama wapiganaji wangalikuwa na bunduki za kutosha, Wajerumani wangalishindwa." Mwingine anasema: "Hata wangalikuwa nazo, Wajerumani wasingalishindwa." Bunduki za kutosha hazikuwapo, kwa hiyo kitangulizi ni uongo. Tukizipima kauli hizi kwa jedwali, zote mbili ni kweli, na mjadala umekufa kabla ya kuanza. Ila wanahistoria hawa wana jambo halisi la kugombania: sababu za kushindwa, na uzito wa kila moja. Bila kauli za -ngali- hakuna kulaumu, hakuna kusamehe, wala hakuna kujifunza kutokana na yaliyopita.

Wanamantiki wenyewe waliliona hili. C. I. Lewis, mwaka 1918, alipendekeza sharti kali linalotumia dhana ya kutowezekana, na hapo tunamsikia tena Diodorus. Robert Stalnaker (1968) na David Lewis (1973) waliunda mantiki za kauli zenye sharti la kinyume cha hali halisi. Mlango ambao Frege aliufunga kwa makusudi, ili afanye kazi yake ya hisabati, ulifunguliwa upya na wengine waliokuwa na kazi nyingine.

Hitimisho

Kutokana na historia hii ninaona kwamba swali la "kauli ambatano ni za aina ngapi?" halina jibu moja lisilo na masharti. Anayekagua uthibitisho wa hisabati anatosheka na jedwali. Anayepima ushahidi mahakamani au sababu za vita anahitaji kutofautisha lazima na sadfa, na -ki- na -ngali-. Kwa hiyo tunapoandaa vitabu vya mantiki kwa Kiswahili, tusiandike "kama... basi" kando ya mshale na kupita, kana kwamba ni tafsiri ya neno kwa neno. Tumwambie mwanafunzi kwamba mshale ni "kama" ya Philo, kwamba Diodorus na Chrysippus waliikataa, na kwamba Ibn Sina aliiwekea mipaka. Hapo anayenong'ona darasani atajua kwamba mnong'ono wake ni swali la mantiki, na kwamba liliulizwa na wakubwa kabla yake.