Sahihi ya Mweka Hazina: Uongozi na Utetezi katika Vikundi vya Kijamii vya Kwale

Kijiji cha Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kiko upande wa bahari wa barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, muda mfupi kabla ya kufika Msambweni. Nyuma ya nyumba kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya tope, ikipenya katikati ya mikoko. Maji yakipwa, anayepita juu ya mbao hizo huona mizizi ya mkoko imepinda kama mbavu za jahazi linaloundwa, na kaa wakikimbilia mashimoni kila ubao unapolia. Njia hiyo ni mali ya kikundi cha akina mama wa Gazi. Mgeni hulipa kiingilio, akitaka hupikiwa, na fedha huingia katika mfuko wa kikundi. Ni biashara ndogo, lakini wanakikundi wenyewe ndio wanaoihesabu. Mtu anayetaka kuelewa uongozi wa mashirika yasiyo ya faida katika pwani hii hana haja ya kuanzia katika ukumbi wa hoteli ya Diani, kwenye semina na mabango ya wafadhili. Aanzie hapa, kwa kuuliza nani anashika daftari na nani ana haki ya kulifungua.

Katika maandishi mengi ya maendeleo, utawala wa ndani wa shirika na utetezi wa haki hutazamwa kama kazi mbili. Utawala huachiwa mhasibu na bodi. Utetezi hupewa vijana wenye sauti, wanaojua kuandaa maandamano na kuzungumza redioni. Makala haya yanashikilia kwamba Kwale inaonyesha kinyume chake. Kikundi hupata nguvu ya kuidai serikali au kampuni hesabu kwa kadiri kinavyozoea kuwatolea hesabu watu wake. Kiongozi asiyeweza kusomea kijiji matumizi yake kwa Kidigo au Kiswahili akaeleweka, akisimama mbele ya gavana huwa anasema kwa niaba yake mwenyewe tu.

Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, ndio mfano ulioandikwa zaidi, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko. Kazi hiyo inakadiriwa kuzuia takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka, na tani hizo huuzwa kwa wanunuzi wa nje chini ya kanuni za Plan Vivo. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa takriban dola 12,000 kwa mwaka. Fedha hizo zimeingia katika maji ya bomba, vitabu vya shule na upandaji wa miche. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa.

Sifa hizo zimesemwa sana. Kilichosemwa kidogo ni namna mamlaka yalivyogawanywa. Kamati ya kijamii huchaguliwa na wanavijiji wenyewe, nayo huamua pamoja nao mradi upi ufanywe mwaka huo. Kando yake kuna kundi la ushauri, ambamo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyo na kituo Gazi, hupima miti na kuhakiki takwimu. Mauzo yanasimamiwa na ACES, shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, ambalo hupokea fedha za wanunuzi na kuzituma Gazi. Haki ya kuutumia msitu imepatikana kupitia chama cha jamii cha misitu chenye mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya, utaratibu uliofunguliwa na Sheria ya Misitu ya 2005. Hivyo anayepima hauzi, anayeuza haamui matumizi, na anayeamua matumizi anaishi mtaa mmoja na watakaokunywa maji hayo. Bomba likikauka, mwenyekiti huulizwa msikitini, dukani na mlangoni kwake. Ukaguzi wa namna hiyo haujaandikwa katika fomu yoyote ya mfadhili, ila ni mkali kuliko fomu zote.

Tena uamuzi huo haukushuka juu ya watu wasio na kumbukumbu. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Katika ghuba ya Gazi miti ilikatwa pia kwa kuni za viwanda. Wazee waliuona ufuo ukibaki mtupu na samaki wakipungua. Walipoambiwa kwamba mti uliosimama unaweza kuleta fedha, swali lao halikuwa la sayansi ya kaboni. Waliokuwa wakiishi kwa kukata boriti walitaka kujua watakula nini, na fedha hizo zitapita mikononi mwa nani.

Wako wakosoaji, na hoja yao ina uzito. Mradi unategemea maprofesa, wanunuzi wa ng'ambo na shirika la kigeni. Mmoja wao akijiondoa, kijiji kitafanya nini? Ni kweli. Lakini kutegemea kwenyewe si kosa, kwa kuwa hata mvuvi hutegemea fundi wa mashua. Kosa huanza pale anayetegemewa anapogeuka kuwa mwenye uamuzi. Kwa sasa Gazi imefaulu kuzuia hilo, na mfano umevuka hadi mpakani: mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianza mradi wao, Vanga Blue Forest, wenye hekta 460.

Kabla ya maneno kama bodi na katiba ya shirika kufika pwani hii, Wadigo walikuwa na ngambi, baraza la wazee lililosimamia kaya, yaani misitu yao mitakatifu. Kaya Kinondo, kusini ya Diani, ni msitu wa takriban hekta 30 uliozungukwa na hoteli na viwanja vya bei kubwa. Kabla ya kuingia, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuelezwa miiko: haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini ulinzi wa kwanza haukutoka Paris. Ulitoka kwa wazee ambao mamlaka yao yalisimama juu ya mwiko uliowafunga wao kwanza. Mzee aliyekataza wengine kukata mti naye hakukata. Wapo waliosomea uongozi vyuoni ambao hawajafika hapo. Hata hivyo ngambi si kielelezo cha kunakiliwa kizima, kwa sababu wanawake na vijana walikuwa na nafasi finyu katika uamuzi wake, na mradi wa utalii wa Kinondo umebidi uwape vijana kazi ya kuongoza wageni. Kaunti ambayo mwaka 2022 ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana haiwezi kurudi kwenye baraza la wanaume pekee.

Sheria nayo imekuwa ikienda kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa sahihi Januari 2013, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, miaka 11 baadaye, ingawa mahakama ilikuwa imeamuru ianze mapema zaidi. Katika muda huo wote mashirika yaliendelea kuishi chini ya sheria ya 1990, iliyoandikwa wakati serikali ilipoyatazama kwa jicho la shaka. Pwani inajua shaka hiyo ilivyo. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, mashirika mawili ya haki za binadamu yenye makao Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yaliwekwa katika orodha ya washukiwa wa kusaidia ugaidi na akaunti zao kufungwa. Maofisa wa kodi waliingia ofisini na kuchukua tarakilishi na nyaraka. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona ushahidi, na Novemba mwaka huo iliamuru akaunti zifunguliwe. Lakini kwa miezi ile familia za Kwale zilizokuwa zikitafuta jamaa zao waliopotea zilibaki na watetezi wasio na fedha ya kulipia hata safari ya mahakamani. Siku kama hiyo ikifika, shirika lenye risiti zilizopangwa na kumbukumbu za mikutano zenye sahihi lina kitu cha kuweka mezani. Mweka hazina aliyekuwa akionekana msumbufu kwa kudai risiti ya boda boda ya shilingi 100 amekuwa akifanya kazi ya utetezi miaka yote hiyo.

Mchanga wa madini unatoa somo gumu zaidi. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale Februari 2014 na ikafunga uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 ilisema asilimia 70 ya mrabaha iende serikali kuu, asilimia 20 kaunti, na asilimia 10 jamii ya mahali yanapochimbwa. Tena kanuni za 2017 zikaagiza kampuni itenge asilimia 1 ya mauzo kwa miradi ya jamii, isimamiwe na kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kwenye karatasi, ni ushindi mkubwa wa watetezi. Kwa upande wa mrabaha, wanavijiji walikaa miaka mingi wakiuliza ile asilimia 10 yao iko wapi, huku mashimo yakizidi kuchimbwa.

Hapa tofauti na Gazi inaonekana waziwazi. Kiti katika kamati peke yake hakitoshi. Mwakilishi anayekwenda mkutanoni kwa gari alilotumiwa, akapewa posho, akarudi usiku bila kuitisha mkutano wa kijiji, amewakilisha jina tu. Hatari hiyo iko katika kila kamati inayoundwa na sheria badala ya kuundwa na watu: nafasi inakuwepo kabla ya tabia ya kurudi na kutoa habari. Sheria ya Kenya inaeleza kwa kina nani aketi mezani. Haisemi lolote la maana juu ya safari ya kurudi nyumbani, na safari hiyo ndiyo uwakilishi wenyewe. Mashirika ya Kwale yaliyosimamia madai ya ardhi na mrabaha yangefanya vyema kutumia nusu ya nguvu zao kwenye safari hiyo: mkutano wa kila robo mwaka, mahali panapojulikana, takwimu zikisomwa kwa sauti, na mwanakijiji yeyote akiruhusiwa kuuliza mpaka atosheke.

Utetezi uliofanikiwa kuliko wote katika kaunti hii ulifanywa na watu ambao kisheria hawakuwa na uwezo wa kuwa viongozi wa chochote. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa na kuzika Msambweni na vitongoji vyake, bila kutambuliwa kuwa Wakenya. Bila kitambulisho mtu hawezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki. Jambo moja husahaulika katika orodha hiyo ya mateso: hawezi pia kusajili kikundi, kwa maana ofisi inataka orodha ya viongozi na nakala za vitambulisho vyao. Mama wa Kimakonde angeweza kuweka akiba na wenzake miaka 20, akaaminiwa na wote, na bado asiweze kuandika sahihi yake kwenye cheki ya kikundi hicho.

Sheria ya Uraia ya 2011 ilifungua mlango wa miaka 5 kwa watu wasio na uraia waliokuwa nchini tangu Uhuru. Mlango huo ulifika mwisho Agosti 2016 Wamakonde wakiwa bado nje. Oktoba mwaka huo waliondoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi, akina mama, wazee na watoto, wakisindikizwa na mashirika ya haki, likiwemo Kenya Human Rights Commission. Mashirika yalileta mawakili, magari na waandishi wa habari. Lakini waliotangulia mbele ya msafara na waliozungumza Ikulu walikuwa Wamakonde wenyewe, chini ya mwenyekiti wao. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea tarehe 13 Oktoba na kuagiza wapewe vitambulisho. Mapema 2017 vilianza kutolewa, na Wamakonde wakaitwa kabila la 43. Ni nadra kuona mashirika yenye fedha na majina makubwa yakikubali kusimama nyuma namna hiyo, na inafaa yasifiwe kwa hilo.

Wapemba walifuata. Walioishi Shimoni, Vanga na sehemu za Kilifi kwa vizazi vingi, wengi wao wavuvi, walikuwa wakikimbizwa baharini kwa kukosa leseni, na leseni ilitaka kitambulisho. Serikali ilitangaza kuwatambua mwishoni mwa 2022, na mwaka 2023 wakaanza kupokea hati.

Tukirudi kwenye mikoko, marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi sasa yanataka miradi ya kaboni ya nchi kavu iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa gharama, na mingine asilimia 25, chini ya mkataba wa maendeleo ya jamii. Swali la mikoko iko kundi gani, kwa kuwa husimama nchi kavu maji yakipwa na baharini yakijaa, litapiganiwa na mawakili. Katika vijiji vya mpakani kazi iliyopo ni ya karibu zaidi. Mvuvi wa Kipemba, aliyepata kitambulisho chake juzi juzi, anaweza sasa kugombea nafasi katika kamati ya msitu au ya ufuo, na akichaguliwa kuwa mweka hazina, kwenda benki na wenzake wawili na kuacha mfano wa sahihi yake.